Jinsi ya kuwa kwotabeki anayeaminiwa na wenzake kumi

Katika futiboli ya Kimarekani karibu kila mpango, yaani kila mchezo mfupi uliopangwa, hupitia mikononi mwa mtu mmoja. Senta, mchezaji wa katikati ya laini ya mbele, anaurudisha mpira kati ya miguu yake, kwotabeki anaupokea, na akitaka kurusha ana kama sekunde mbili na nusu hadi tatu kabla hajavamiwa. Mashabiki husifia nguvu za mkono. Wachezaji wenzake humpima kwa mambo mawili mengine: je, sote tunajua la kufanya kabla mpira haujatoka? Na mambo yakienda mrama, lawama anazitua wapi?

Mwongozo huu ni wa kijana anayeanza kucheza nafasi hiyo shuleni au chuoni. Mzazi aliyehamia Marekani na sasa anamwona mwanawe akipewa nafasi hiyo naye atapata la kumsaidia.

Sekunde 40

Katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mpango mmoja ukiisha saa ya sekunde 40 huanza kuhesabu kuelekea mpango unaofuata. Kocha huzungumza na kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya helmeti. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994, na helmeti yenye redio utaijua kwa kitone cha kijani nyuma. Saa ikifika sekunde 15, redio hukatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake.

Kwa hiyo panga muda wako kwa kurudi nyuma. Sekunde 15 zikisalia uwe umeshafika kwenye laini, pale mpira unapoanzia, macho yako kwa wapinzani. Hapo unaweza kubadilisha mpango, kumsogeza mpokeaji (mchezaji wa kudaka mipira unayorusha), au kumwambia senta wavamizi wanatokea upande gani. Ukifika zikiwa zimebaki saba, utacheza ulichonacho hata kama umeona wazi kwamba hakifai. Zikiisha kabisa, timu inarudishwa yadi 5 bila mpinzani kufanya lolote. Makocha wengi wanapoona timu inachelewa hudhani kwotabeki hajui mipango. Mara nyingi anaijua, ila amekawia kwenye mduara, pale wachezaji wanapokusanyika kuambiwa mpango.

Mduara wenyewe una historia inayofaa kukumbukwa. Mara nyingi husemwa kwamba ulianzia chuo cha viziwi cha Gallaudet, Washington, katika miaka ya 1890. Kwotabeki Paul Hubbard aliwakusanya wenzake wamzunguke ili wapinzani wasisome ishara zake za mikono. Kazi ya mduara ilikuwa kupashana habari tu, na mpaka leo anayeugeuza kuwa jukwaa la hotuba anaupotezea muda.

Utaje mpango kwa mfuatano uleule kila siku: mpangilio wa wachezaji, nani anahama kabla ya mpira, ulinzi wa laini (wale watano wanaokukinga), njia za wapokeaji, na mwisho hesabu ya kuanzia, yaani mpira utatoka kwenye mwito wa ngapi. Tua kidogo baada ya kila kipande, kwa sababu kila mtu anasubiri kipande chake. Wapokeaji wanataka mpangilio na njia. Watu watano wa laini wanataka ulinzi na hesabu. Ukivuruga mfuatano, mtu wa laini anayesubiri hesabu mwishoni ataikosa, atashtuka kabla ya wakati, na hizo ni yadi 5 nyingine. Hesabu itaje mara mbili: "kwa la pili, kwa la pili". Tazama nyuso, usitazame nyasi. Ukiona mtu amekunja uso, rudia kipande chake kabla hamjatawanyika. Timu nyingi za shule hazitumii redio bali kikanda cha mkononi chenye mipango iliyopewa namba. Ukikitumia, soma namba mara moja, kisha inua kichwa na utaje mpango ukiwa unawatazama.

Ukitaka kuongeza neno la kuwatia moyo, iwe sentensi moja. Tarehe 22 Januari 1989 San Francisco walikuwa nyuma ya Cincinnati kwa 16 kwa 13 kwenye Super Bowl, fainali ya NFL. Walikuwa na yadi 92 za kwenda na dakika tatu na ushee tu. Wakati wenzake wamekakamaa, kwotabeki wa San Francisco, Joe Montana, alimwonyesha mmoja wao mwigizaji John Candy aliyekuwa miongoni mwa watazamaji. Kisha akaendelea na kazi. Walishinda 20 kwa 16, zikiwa zimebaki sekunde 34 walipofunga. Sauti ya kawaida wakati usio wa kawaida huwatuliza watu kuliko kelele yoyote.

Kelele zikizidi

Ugenini sauti yako haitasikika, na hapa ndipo ushirikiano na senta unapopimwa. Mfano wa kufundishia ni wa Super Bowl ya Februari 2014. Denver walipoanza mpango wao wa kwanza, kwotabeki wao Peyton Manning alisogea mbele kwenda kubadilisha maelekezo. Katikati ya kelele senta alidhani ameitwa, akaachia mpira, nao ukampita Manning na kuishia kwenye eneo la bao la Denver wenyewe, jambo linalowapa wapinzani pointi. Sekunde 12 tu zilikuwa zimepita na Seattle wana pointi 2. Mechi iliisha 43 kwa 8.

Kinga yake ni ishara mliyokubaliana. Ukisimama yadi 5 nyuma ya senta, njia inayotumiwa sana ni hii: mmoja wa wachezaji wanaopakana na senta anageuka kukutazama, wewe unainua mguu, yeye anamgusa senta, na senta anahesabu kimoyomoyo kabla ya kuachia. Wekeni pia ishara ya kusimamisha, kwa mfano kiganja kilichofunguliwa, na sheria isiyovunjwa: kwotabeki akitoka mahali pake, mpira hautoki mpaka arudi. Fanyeni mazoezi haya spika zikipiga kelele uwanjani. Kila wiki tengeni pia dakika chache za mpira uliochovywa kwenye ndoo ya maji. Mvua haitoi taarifa.

Watu wa laini

Hawa hawashiki mpira na majina yao hutajwa zaidi wakikosea. Kuwanunulia chakula ni desturi nzuri, lakini unachodaiwa hasa ni kujua hesabu ya uvamizi. Laini ina watu watano. Wapinzani wakituma sita na mkimbiaji wako (mchezaji anayepewa mpira akimbie nao) hajabaki kusaidia, wa sita hana wa kumzuia. Huyo ni wako: umrushie mpokeaji wa karibu haraka kabla hajakufikia. Mkimbiaji akibaki, wako ni wa saba.

Kwotabeki asiyejua hesabu hii huangushwa, halafu huinuka akimkodolea macho mtu wa pembeni ambaye hana kosa. Ndivyo anavyopoteza laini nzima kwa siku moja. Vivyo hivyo ukikaa na mpira sekunde nne au tano. Umewaomba wazuie muda ambao hawawezi. Ukirudi pembeni sema wazi, mbele ya kocha wao: "Hilo langu, nilichelewa kuachia." Sema hivyo ikiwa ni kweli tu. Wao wanajua ukweli, na anayejitwisha kila kosa ili aonekane mwungwana haaminiki zaidi ya anayekwepa.

Mpira unaomlinda mpokeaji

Mpira wa juu katikati ya uwanja humlazimisha mpokeaji kujinyoosha na kuacha mbavu wazi, huku mlinzi wa nyuma akija kasi. Wapokeaji hawasahau nani aliwarushia mpira wa namna hiyo. Ukimwona mlinzi anakuja kutoka mbele, uweke mpira kifuani au chini kidogo, nyuma kidogo ya mwendo wake, ili asimame aupokee na ajikunje. Utapoteza yadi chache za kukimbia baada ya kudaka. Mtu wako ataamka mzima.

Makosa ya kusoma ulinzi wa wapinzani ni jambo lingine. Njia nyingi hutegemea mpokeaji aone anachokiona kwotabeki. Mlinzi akikaa mbali, mpokeaji anakata ndani; mlinzi akibana, mpokeaji anapita nyuma yake. Mkitofautiana, mpira unakwenda pasipo na mtu, au unanaswa. Usirushe mikono hewani. Uwanja mzima utajua umemlaumu, naye wiki ijayo atasita. Keti naye kwenye benchi, mfungue picha za mpango ule kama zipo, kisha uanze kwa kuuliza: "Wewe uliona nini?" Si ajabu ukakuta yeye ndiye aliyeona sawa.

Kuna kosa dogo linalodharauliwa: kocha kukutumia mpango usioupenda, nawe ukautaja kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Wale kumi wataucheza kwa nusu moyo. Utaje kama umeuchagua wewe. Mabishano na kocha yafanyike Jumatatu mkitazama mikanda ya mechi, mlango umefungwa.

Kuhusu mwili wako, si lazima kila yadi ipiganiwe. Ukikimbia, teleza miguu ikitangulia kabla hujafikiwa. Mpira utawekwa ulipoanzia kuteleza, kwa hiyo anza baada ya kuvuka alama ambayo timu lazima ivuke ili iendelee na mpira. Kichwa kikigongwa, mwambie daktari mara moja. Anayeficha kizunguzungu ili asitoke anaiachia timu mtu anayesoma ulinzi kwa ukungu.

Kwotabeki wa pili

Kwenye NFL anayeanza hupata karibu mazoezi yote ya wiki, mwenzake akitazama. Lakini huyo anayetazama anaweza kuitwa wakati wowote. Carson Wentz, kwotabeki wa kwanza wa Philadelphia, aliumia goti Desemba 2017, na ni Nick Foles, aliyekuwa wa pili, aliyeiongoza timu hiyo kuifunga New England 41 kwa 33 kwenye Super Bowl ya Februari iliyofuata. Msimu huohuo, kule Kansas City, kwotabeki wa kwanza Alex Smith alimwachia kijana Patrick Mahomes aone jinsi anavyojiandaa wiki nzima, ingawa kila mtu alijua kijana huyo ameletwa kumrithi.

Kwa vitendo: mpe mwenzako nakala ya maandishi yako kabla ya mechi, mtazame picha pamoja kila mnapotoka uwanjani, na umwulize ameona nini upande ambao wewe hukuutazama. Yeye naye asikae na jaketi dakika zote. Kabla ya kipindi cha pili apokee mipira kadhaa kutoka kwa senta anayeanza, si kwa senta wa akiba pekee, maana kila senta ana kasi na urefu wake wa kuachia mpira, na mikono iliyopoa huudondosha ule wa kwanza.