Kuchagua kifaa cha kuona usiku bila kumaliza akiba

Boksi la kifaa changu cha kwanza liliandikwa "mita 400". Usiku wa kwanza nilikielekeza kichakani, nikauona mti mmoja tu uliokuwa karibu, unameremeta kama umepakwa chokaa. Nyuma yake, giza totoro. Mita zile hupimwa kwa kitu kikubwa, mahali peupe, hewa ikiwa safi. Siku hizi sizisomi hata kidogo; nafuata njia hii.

Hatua ya 1: Amua unataka kujua nini
"Kuna kitu pale" na "yule ni mbwa au mbuzi?" ni maswali mawili, na kila moja lina bei yake. Andika swali lako na umbali wake: mita 30 uani, au mita 200 shambani. Watu wengi wakipima kwa hatua hugundua kuwa hawahitaji kuona mbali kama walivyodhani.

Hatua ya 2: Jaribu darubini ya kawaida kwanza
Darubini ya macho mawili ya 7x50 (hukuza mara 7, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50) haina betri wala umeme. Gawanya 50 kwa 7: unapata milimita 7 hivi, upana wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni, takriban sawa na mboni ya kijana inapotanuka gizani, kwa hiyo mwanga haupotei. Kaa dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu, macho yazoee. Kukiwa na mbalamwezi, huenda ukaishia hapa na pesa zako ukabaki nazo. Msituni bila mwezi, haitakufaa.

Hatua ya 3: Chagua aina
Vifaa vya mirija (inayokuza mwanga hafifu uliopo) vya kizazi cha kwanza vinapatikana kwa bei ndogo, lakini picha hupinda pembeni na mwanga mkali unaweza kuviharibu. Kizazi cha pili na cha tatu ni vizuri sana, ila bei yake tuwaachie wenye nazo.

Vya dijitali vina sensa kama ya kamera ya simu, inayoona mwanga wa infraredi (ambao macho yetu hayauoni), pamoja na taa yake. Hapa ndipo ningemwambia anayeanza aanzie. Utatofautisha wanyama, na macho yao yatakuwakia kama vijinga vya moto.

Kamera ya joto, inayoona joto la vitu badala ya mwanga, haihitaji taa. Sungura aliyejificha anajitokeza mara moja, mradi joto lake lizidi la mazingira na nyasi zisimfunike. Lakini haioni kupitia kioo cha dirisha, na sura ya mtu huwa doa jeupe. Ni bingwa wa kugundua, si wa kutambua.

Hatua ya 4: Kagua taa (kwa vya dijitali)
Taa ya nanomita 850 (huo ni urefu wa wimbi la mwanga wake) humulika mbali zaidi, ila ukiitazama unaona wekundu hafifu. Ya 940 haionekani, lakini sensa nyingi huipokea kwa shida, hivyo umbali unapungua. Mimi huchukua 850. Kwenye ukungu au vumbi zote mbili hukurudishia ukuta mweupe. Dukani, washa taa na uitazame kwa kamera ya mbele ya simu. Mara nyingi utaiona ikiwaka.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya pikseli
Hii ndiyo hatua iliyoniokolea pesa nyingi. Chukua kamera ya joto yenye pikseli (vinukta vinavyounda picha) za mikromita 12 na lenzi ya milimita 25. Gawanya 12 kwa 25, unapata 0.48: hizo ni milimita ambazo pikseli moja inafunika kwa kila mita ya umbali. Kwenye mita 100, pikseli moja ni sentimita 5 hivi, kwa hiyo mbwa mwenye kimo cha nusu mita anapata pikseli 10. Kwenye mita 400 anabaki na mbili na kitu.

John Johnson, mtafiti wa jeshi la Marekani, alitoa vipimo mwaka 1958 ambavyo kwa pikseli ni kama 2 za kugundua kitu na 8 za kutambua ni kitu gani. Kwa hiyo mbwa wetu wa mita 400 ni nukta tu. Na kama lenzi na ukubwa wa pikseli ni vilevile, sensa yenye pikseli 640 kwa upana badala ya 256 hukupa uwanja mpana zaidi, si mbwa mkubwa zaidi. Ukuzaji wa kidijitali nao hunyoosha nukta ileile.

Hatua ya 6: Kabla ya kulipa
Zungusha kifaa polepole. Picha ikichelewa au kurukaruka, kirudishe. Picha 9 kwa sekunde zinatosha kwa kitu kilichotulia, si kwa popo. Alama ya IP67 maana yake kinahimili vumbi na kuzama mita 1 kwa dakika 30. Uliza pia sheria za unakoishi, hasa kama unawinda.

Chenji ikibaki, nunua betri ya ziada na kamba ya shingoni. Kifaa changu cha pili hakikuwa na kamba, na kimezama mtoni mpaka leo.