Jinsi ya kupima kemikali za mmea kwa matone na rangi

Povu linaloinuka mzizi unapopondwa majini, ukakasi unaokausha ulimi, weusi unaobaki kwenye kisu cha chuma baada ya kukata gome: zote ni dalili za kemikali zilizomo ndani ya mmea. Vipimo vilivyoelezwa hapa huzigeuza dalili hizo kuwa majibu ambayo mtu mwingine anaweza kuyarudia akapata yaleyale. Vinahitaji neli za majaribio zenye vizibo, karatasi chujio, mizani inayosoma hadi gramu 0.1 na kemikali chache za maabara. Vifanyie penye hewa ya kutosha, ukiwa umevaa glovu na miwani ya kinga. Havitakuambia mmea unatibu nini wala una kemikali kiasi gani. Vitakuambia ni kundi lipi lipo.

Sampuli

Makosa mengi hutokea hapa, kabla hata ya tone la kwanza. Chukua sehemu moja ya mmea kwa kila sampuli: majani peke yake, mizizi peke yake, magome peke yake. Kemikali hazigawanyiki sawasawa mwilini mwa mmea, na ukichanganya sehemu hutajua jibu limetoka wapi. Hakikisha pia jina la kisayansi. Jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea kadhaa isiyo na undugu wowote, kwa hiyo kausha tawi lenye ua au tunda katikati ya magazeti, umwoneshe mtaalamu wa mimea kabla ya kuendelea.

Osha upesi kwa maji yanayotiririka, wala usiloweke, kwa sababu saponini (kemikali zinazotoa povu) na tanini (kemikali zinazoleta ukakasi) hutoka pamoja na maji. Anika kivulini penye upepo, kwa tabaka jembamba, joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Mizizi na magome yakatwe vipande vidogo kwanza, la sivyo nje hukauka huku ndani kukiota ukungu, na sampuli yenye ukungu ni ya kutupa. Majani yamekauka yanapovunjika kwa mlio ukiyakunja. Saga, chekecha, kisha hifadhi unga kwenye chupa ya rangi ya giza yenye kifuniko kinachobana. Kabla ya kuanika, tenga gramu 20 za mmea mbichi kwa ajili ya kipimo cha sianidi, sumu inayotoka kwenye mimea kama muhogo.

Michujo miwili

Mchujo wa maji: weka gramu 5 za unga kwenye mililita 50 za maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa), pasha kwenye sufuria ya maji moto kwa dakika 15, acha upoe, chuja. Maji ya bomba yakiwa na chuma huweusha tanini hata kabla hujaanza kupima.

Mchujo wa ethanoli: gramu 10 za unga kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 70, funika, acha saa 48 huku ukitikisa mara kwa mara, chuja. Ethanoli inawaka, hivyo ukihitaji kuipasha tumia maji moto na uzime moto wote ulio karibu. Mchujo huu hubeba flavonoidi (kundi la fenoli, nyingi zikiwa za rangi) na alkaloidi (kemikali zenye nitrojeni, kama nikotini) nyingi ambazo maji peke yake huziacha kwenye makapi.

Kila kipimo kifanye kwenye neli tatu: ya kwanza mchujo wako, ya pili kiyeyushi kitupu (maji au ethanoli bila mmea), ya tatu mmea unaojulikana kuwa na kundi hilo. Majani ya chai yanafaa kwa tanini, maganda makavu ya kitunguu kwa flavonoidi, tumbaku kwa alkaloidi, muhogo mbichi kwa sianidi. Tumbaku ikikataa kutoa mashapo (chembe ngumu zinazojitenga kwenye kimiminika), kitendanishi chako (kemikali unayotia ili kupima) kimeharibika, na jibu la "hapana" ulilopata kwa mmea wako halina thamani.

Saponini

Mililita 2 za mchujo wa maji, ongeza mililita 8 za maji yaliyotoneshwa, ziba, tikisa kwa nguvu sekunde 30, simamisha neli dakika 15. Povu la sentimita 1 au zaidi likibaki, ni dalili nzuri. Ongeza tone moja la asidi hidrokloriki hafifu: povu la saponini hustahimili. Protini nazo hutoa povu, hasa kwenye mbegu, kwa hiyo mbegu zitilie shaka zaidi. Sababu ya kawaida ya povu la uongo ni neli iliyosafishwa kwa sabuni na kusuuzwa nusunusu. Neli ya kiyeyushi kitupu itakufichulia hilo.

Tanini na fenoli

Kwenye mililita 2 za mchujo tia matone 2 au 3 ya feri kloraidi ya asilimia 5. Bluu iliyokolea kuelekea weusi huashiria tanini zinazovunjwa na maji. Kijani kilichokolea huashiria tanini zilizoshikamana. Mchujo mzito hugeuka mweusi tu bila kuonesha tofauti, kwa hiyo uzimue mara kumi ndipo upime. Lakini feri kloraidi huitikia fenoli zote, hata zisizo tanini. Ili kutenganisha, chukua mililita 2 nyingine, ongeza jelatini ya asilimia 1 iliyoyeyushwa kwenye maji yenye chumvi asilimia 10. Tanini hukamata protini na kufanya mashapo meupe. Fenoli ndogo haziwezi. Ni utendaji huohuo unaoleta ukakasi mdomoni, tanini zinapokamata protini za mate.

Flavonoidi

Tumia mchujo wa ethanoli. Dondosha vipande vidogo viwili vya utepe wa magnesiamu, kisha ongeza asidi hidrokloriki kali tone kwa tone. Mchanganyiko utachemka na kupata moto, basi shika neli kwa koleo na uelekeze mdomo wake mbali na watu. Waridi, nyekundu au rangi ya chungwa ndani ya dakika chache ni jibu la ndiyo. Maua na matunda mekundu yana anthosianini, kemikali za rangi ambazo hugeuka nyekundu kwa asidi peke yake. Andaa neli moja yenye asidi bila magnesiamu ulinganishe.

Alkaloidi

Hiki ndicho kipimo kinachosomwa vibaya kuliko vyote. Kausha mililita 20 za mchujo wa ethanoli juu ya maji moto mpaka ethanoli iishe, yeyusha masalio kwenye mililita 5 za asidi hidrokloriki ya asilimia 1, chuja. Asidi hugeuza alkaloidi kuwa chumvi inayoyeyuka majini, huku mafuta na klorofili vikibaki kwenye karatasi. Ukiruka hatua hii, uchafu wa kijani utakuficha kila kitu.

Kitendanishi cha Wagner kinatosha kuanzia: gramu 1.27 za iodini na gramu 2 za potasiamu iodaidi. Yeyusha potasiamu iodaidi kwanza kwenye maji kidogo, ndipo uongeze iodini, kwani iodini peke yake haiyeyuki vizuri majini. Kisha jaza maji hadi mililita 100. Tia matone 2 kwenye mililita 1 ya mchujo wenye asidi. Mashapo ya kahawia yenye wekundu huashiria alkaloidi. Kitendanishi cha Mayer, kinachotoa mashapo ya rangi ya maziwa, kina zebaki. Kiache kama huna mahali salama pa kupeleka taka zake.

Mashapo si uthibitisho bado, kwa kuwa protini na tanini zinaweza kuyasababisha. Thibitisha hivi: chukua mchujo wenye asidi ambao haujatiwa kitendanishi, ongeza amonia mpaka karatasi ya litmasi igeuke bluu, tikisa na mililita 5 za klorofomu, acha tabaka zijitenge, kusanya klorofomu ya chini, ivukize kwenye kabati la mvuke (kabati la maabara linalovuta gesi nje), kisha yeyusha masalio tena kwa asidi na urudie Wagner. Mashapo yakitokea mara hii ya pili, unaweza kuandika "ndiyo" kwa moyo mkunjufu. Kuna upande wa pili pia: kafeini ni alkaloidi, lakini ni besi dhaifu na haitoi mashapo kwa Mayer. Kahawa ikikujibu "hapana", tatizo si kahawa.

Glikosidi za sianidi

Hizi ni kemikali za mmea zenye sukari ndani yake, ambazo zikivunjika huachilia sianidi. Usikipuuze kipimo hiki ikiwa mmea ni wa kuliwa. Katakata na uponde gramu 5 za mmea mbichi, tia kwenye chupa ndogo, ongeza mililita chache za maji na matone 3 ya klorofomu. Ning'iniza juu yake karatasi ya pikrati (karatasi ya manjano iliyolowekwa kwenye chumvi ya asidi ya pikriki) bila kugusa mmea, ziba kabisa, weka penye joto la nyuzi 35 hadi 40. Angalia baada ya saa 3, kisha baada ya saa 24. Manjano ikigeuka nyekundu ya tofali, gesi ya sianidi imetoka.

Kuponda kuna sababu. Kwenye muhogo, glikosidi iitwayo linamarini hukaa mbali na kimeng'enya chake, linamarasi. Seli zinapopasuka ndipo hukutana na sianidi huachiliwa. Kwa hiyo mmea uliochemshwa utaonekana salama hata kama glikosidi bado imo, kwa sababu kimeng'enya kimekufa kwa joto. Pima mbichi kila mara. Kiwango cha juu cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo, na karatasi hii haiwezi kukuhakikishia uko chini yake. Kwa chakula cha watu, peleka sampuli kwenye maabara inayopima kiasi.

Karatasi zinunue tayari. Asidi ya pikriki ikikauka hulipuka kwa msuguano, na haifai kutunzwa nyumbani.

Kuandika majibu

Andika sehemu ya mmea, tarehe ya kuchuma, kiyeyushi, na rangi uliyoiona kwa maneno, kabla ya kuweka alama ya kujumlisha (+) inayomaanisha "ndiyo". Alama hiyo ni ileile kwa kwinini inayotibu malaria na kwa strikinini inayoua, zote zikiwa alkaloidi, kwa hiyo usimpe mtu mmea anywe kwa sababu neli imebadilika rangi. "Hapana" nayo iandikwe "haikuonekana" mpaka umerudia kwa mchujo uliokolezwa mara tano. Klorofomu, iodini na chochote chenye zebaki viwekwe kila kimoja kwenye chupa yake yenye lebo, vipelekwe kwa wanaopokea taka za maabara, visimwagwe kwenye sinki.