Kidimbwi cha Nje cha Kobe wa Majini: Ukingo Kwanza, Maji Baadaye

Mwezi uliopita nilimsaidia jirani yangu kumchimbia kobe wake wa majini kidimbwi nyuma ya nyumba, na kazi ilipokwisha aliniomba nimwandikie hatua tulizozipitia. Nimeziandika kwa kumfikiria kobe wa maji baridi (yasiyo na chumvi) mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho, ambaye watu humnunua akiwa anaenea kiganjani bila kujua kwamba jike lake hufikia urefu wa sentimita 25 na kuendelea.

Hatua ya 1: Mahali na ukubwa. Chagua sehemu inayopata jua la asubuhi na yenye kivuli kiasi wakati wa mchana. Kobe huhitaji jua la moja kwa moja, kwa sababu miale ya urujuanimno ndiyo inayouwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu haifiki kwenye gamba. Usichimbe chini ya mti, kwa kuwa majani yanayoanguka huoza majini. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni lita 40 kwa kila sentimita 2.5 za urefu wa gamba, nami nakichukulia kuwa ni cha chini kabisa.

Hatua ya 2: Kuchimba. Kina cha sentimita 70 kinatosha, isipokuwa pale ambapo maji huganda wakati wa baridi, ambako kidimbwi kinapaswa kwenda chini zaidi. Acha ngazi moja pana yenye kina cha sentimita 20 ili kobe apumzike.

Hatua ya 3: Ukingo. Hapa naomba usiharakishe, kwa kuwa kidimbwi changu cha kwanza kilinipotezea siku nne kwa ajili ya ukingo peke yake.

Jambo la kwanza ni usawa. Ardhi inayoonekana tambarare kwa macho inaweza kupishana kwa sentimita sita kati ya upande mmoja na mwingine, na kosa hilo hulioni mpaka umekwisha kujaza maji. Pigilia vigingi kuzunguka shimo, kimoja kila baada ya mita moja, kisha linganisha vichwa vyake. Wengi hutumia ubao na pimamaji. Mimi natumia mpira mwangavu uliojazwa maji, kama wanavyofanya mafundi wa ujenzi, kwa sababu ubao mrefu hupinda katikati na kosa la milimita chache hukua kila unapouhamisha. Hakikisha kwamba hakuna kiputo cha hewa ndani ya mpira, kwani kiputo kimoja kinatosha kuharibu kipimo chote. Upande ulio chini uinue kwa udongo ulioshindiliwa; usiuchonge ule ulio juu.

Jambo la pili ndilo lililonitesa. Nilijaza maji, na kesho yake yalikuwa yamepungua kwa kina cha vidole viwili. Nikaamini kwamba turubai, lile linalotandikwa shimoni kuyazuia maji (Hatua ya 4), limetoboka, nikayatoa maji yote, nikalikagua turubai kwa mikono kila mahali, nisione tundu. Siku ya nne ndipo nilipotazama nje ya ukingo: mvua haikuwa imenyesha, lakini udongo wa upande mmoja ulikuwa mweusi na wenye unyevu kwa upana wa mkono mzima, ilhali upande mwingine ulikuwa mkavu na umepasuka. Nilikuwa nimelilaza pindo la turubai chini ya udongo na mawe, na udongo huo, kwa kuwa uligusana na maji, uliyanyonya na kuyatoa nje kama utambi unavyonyonya mafuta. Dawa yake ni kulisimamisha pindo wima nyuma ya mawe, lizidi usawa wa maji kwa sentimita tano hivi, na udongo wa nje usivuke kamwe kuingia ndani.

Kabla ya kulilaumu turubai, fanya jaribio la ndoo. Weka ndoo yenye maji juu ya ile ngazi, maji ya ndani na ya nje yakiwa sawa, zima pampu, kisha weka alama pande zote mbili. Baada ya saa 24, ikiwa yamepungua sawasawa, hayo ni maji yaliyochukuliwa na jua. Ikiwa ya kidimbwi yamepungua zaidi, kagua pindo kwanza. Yakiendelea kushuka na kukomea kwenye mstari mmoja, tundu liko katika mstari huo. Yakipungua pale tu pampu inapofanya kazi, uvujaji uko kwenye mabomba.

Hatua ya 4: Turubai. Nunua la mpira lenye unene wa milimita 1. Lile jembamba la plastiki hukakamaa na kupasuka juani. Vipimo vyake ni urefu wa shimo, ukiongeza kina mara mbili na sentimita 60 za pindo, na upana vivyo hivyo. Shimo la mita 3 kwa 2 lenye kina cha sentimita 70 litahitaji turubai la mita 5 kwa 4. Chini yake tandika zulia kuukuu. Usimwage kokoto ndogo ndani, kwa kuwa kobe huzimeza na utumbo huziba.

Hatua ya 5: Nchi kavu na uzio. Weka gogo au jiwe pana linalotoka majini kwa mteremko, ili apande na kukauka kabisa. Jike hutaga hata bila dume, kwa hiyo mwekee eneo la mchanga na udongo laini lenye kina cha sentimita 30. Akikosa mahali pa kufukia mayai huyazuia tumboni na kuugua. Uzio uwe wa mbao laini, urefu wa sentimita 45, uliozama ardhini na wenye mdomo unaoinamia ndani, maana kobe hawa hupanda na kuchimba. Kobe mdogo afunikiwe kwa wavu dhidi ya ndege na panya.

Hatua ya 6: Maji na chujio. Chujio liwe la nje, lenye uwezo unaozidi ule ulioandikiwa samaki, kwa kuwa kobe huchafua maji zaidi. Pampu ipitishe maji yote ya kidimbwi kila baada ya saa moja au mbili, na umeme wake upite kwenye kikatiza umeme cha miliampea 30, kile kinachouzima umeme unapovuja. Maji ya bomba yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Bakteria wa kwenye chujio wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa kobe, kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, hivyo pima maji mara kwa mara katika kipindi hicho na ubadilishe sehemu yake pale amonia inapoonekana.

Matunzo. Badilisha robo ya maji kila wiki. Sponji la chujio lioshwe kwa maji ya kidimbwi chenyewe, kwa sababu klorini ya bomba huwaua bakteria wale wale uliowasubiri. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomshika kobe au kugusa maji yake, kwani kobe hubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu, bila kuonyesha dalili. Na kila baada ya mvua kubwa, zunguka ukingoni uondoe udongo uliosukumwa juu ya pindo, kabla haujaanza tena kuyanyonya maji.