Kusanidi njia kati ya ruta ya mtoa huduma na ruta ya mteja katika VPN ya MPLS

Tuchukue mteja mwenye ofisi Arusha na Mwanza, anayetaka ofisi hizo ziwasiliane kupitia mkongo wa mtoa huduma bila kupita kwenye intaneti; hiyo ndiyo VPN ya MPLS, mtandao binafsi ambao pakiti zake husafirishwa mkongoni kwa kufuata lebo. Katika kila mji kuna ruta mbili zinazotazamana, yaani CE iliyo ofisini kwa mteja na PE iliyo upande wa mtoa huduma. Hapa zitapashana njia kwa BGP, itifaki ambayo ruta hutumia kuambiana mitandao zinayoweza kuifikia, na amri ni za Cisco IOS XE, mfumo endeshi wa ruta za Cisco.

Kazi huanzia kwenye PE ya Arusha kwa kumtengea mteja jedwali lake la njia, liitwalo VRF, ambalo huwawezesha wateja wawili wenye anwani zilezile za 10.0.0.0 kutumia ruta moja bila kugongana.

```
vrf definition MTEJA-A
 rd 64500:10
 address-family ipv4
  route-target export 64500:10
  route-target import 64500:10
```

Namba ya `rd` huunganishwa na kila anwani ya mteja ili isifanane na ya mwingine ndani ya mkongo, ilhali `route-target` ndiyo huamua njia zipi ziingie kwenye jedwali lipi. Mara nyingi huandikwa kwa tarakimu zilezile, ndiyo maana huchanganywa; lakini ukikosea kwenye `import` unaweza kuziingiza njia za mteja mmoja kwenye jedwali la mwingine, kwa hiyo uisome namba hiyo mara mbili.

Kisha ingia kwenye kiolesura kinachoelekea kwa mteja. Tangulia na `vrf forwarding`, ndipo uandike anwani, kwa kuwa amri hiyo hufuta anwani yoyote iliyokuwapo. Nimewahi kumwona fundi akiiandika akiwa ameingia kwenye ruta kwa kupitia kiolesura hichohicho, na mawasiliano yakakatika palepale.

```
interface GigabitEthernet0/1
 vrf forwarding MTEJA-A
 ip address 192.0.2.1 255.255.255.252
router bgp 64500
 address-family ipv4 vrf MTEJA-A
  neighbor 192.0.2.2 remote-as 65010
  neighbor 192.0.2.2 activate
  neighbor 192.0.2.2 as-override
  neighbor 192.0.2.2 maximum-prefix 50
```

Mstari wa mwisho humkinga mtoa huduma, kwani CE ikituma njia zaidi ya 50, ujirani, yaani muunganisho wa BGP kati ya ruta hizo mbili, hukatwa. Ule wa `as-override` unahitaji maelezo zaidi. Ofisi zote mbili zinatumia namba ya AS 65010, yaani namba inayoutambulisha mtandao katika BGP, na BGP hukataa njia yoyote ambayo tayari imebeba namba yake yenyewe, hivyo CE ya Mwanza ingezitupa njia za Arusha bila kulalamika. Amri hiyo huifanya PE iweke 64500 badala ya 65010 kabla ya kumkabidhi mteja njia, na ni lazima iwepo kwenye PE zote mbili. Ikiwa ofisi moja imeunganishwa kwa PE mbili, ongeza pia `soo`, alama inayoonyesha njia imetoka ofisi ipi, kwa sababu `as-override` huondoa kinga ya kuzuia njia kumrudia aliyeituma.

Kwenye CE usanidi ni mfupi:

```
router bgp 65010
 neighbor 192.0.2.1 remote-as 64500
 network 10.20.1.0 mask 255.255.255.0
```

Mtandao unaoutaja lazima uwemo kwenye jedwali la njia la CE ukiwa na kinyago hichohicho, la sivyo hautatangazwa.

Rudia hatua hizo Mwanza kwa anwani za huko, kisha uandike `show bgp vpnv4 unicast vrf MTEJA-A summary` kwenye PE. Safu ya mwisho ikionyesha tarakimu, ujirani umesimama; ikionyesha neno `Active`, usidanganyike, kwani maana yake ni kwamba ruta bado inajaribu kuunganishwa.

Mwishowe pima kutoka CE ya Arusha kwa `ping 10.20.2.1 source 10.20.1.1`. Usipotaja chanzo, ruta itatumia 192.0.2.2, anwani ambayo upande wa Mwanza hauijui kwa kuwa hatukuitangaza, na utaanza kutafuta kosa mahali ambapo halipo.