Somo: Kutembelea msitu mdogo wa kijijini Uingereza, na nini cha kutazama ukifika

Wakuu, salaam. Kila mwaka ikiingia Aprili napigiwa simu zilezile na ndugu zetu walioko huku: "Wenzangu kazini wanasema wikendi wanakwenda msituni. Wanafuata nini huko?" Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka, leo naandika mara moja.

Mimi nimekulia Kongwa, Dodoma. Kwetu msituni unakwenda na panga na unakwenda kwa shida yako: kuni, fito, au ng'ombe kapotea. Siku ya kwanza kupelekwa msitu wa Kizungu nilivaa raba nyeupe. Nilikaa dakika 40, nikaona miti, nikarudi garini na raba zenye rangi ya uji wa ulezi. Mwenyeji wangu akauliza nimeonaje, nikasema pazuri. Nilikuwa namdanganya. Ilinichukua muda kugundua kosa langu: nilikuwa natazama juu, na mambo yote yako chini.

Mfano wangu kwenye somo hili ni Bradfield Woods, mkoa wa Suffolk, kilomita chache kusini-mashariki ya mji wa Bury St Edmunds. Ukiwa na msitu wako karibu, hatua ni hizihizi.

Hatua ya 1: Tafuta msitu unaoruhusiwa kuingia

Ardhi huku karibu yote ina mwenyewe, hata ile inayoonekana kama pori la Mungu. Kwa hiyo usisimamishe gari popote ukaingia. Anza na misitu ya Woodland Trust, shirika lililoanzishwa 1972. Wana maeneo zaidi ya 1,000 na hawatozi kiingilio. Kuna pia mashirika ya wanyamapori ya kila mkoa. Bradfield iko chini ya lile la Suffolk.

Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua msitu wa kale. Kwa Uingereza maana yake ni mahali ambapo pamekuwa na msitu mfululizo tangu angalau mwaka 1600. Miti yenyewe inaweza kuwa michanga. Kinachohesabiwa ni udongo ambao haujawahi kugeuzwa shamba, na mbegu na mizizi iliyomo.

Hatua ya 2: Jifunze mishale kabla ya kutoka nyumbani

Ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, ile ya Explorer yenye jalada la rangi ya chungwa, sentimita 4 ni kilomita moja. Vistari vya kijani vilivyokatikakatika ndizo njia za umma. Ukifika uwandani, njia hizo zina vibao vidogo vyenye mishale: wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu ni wa farasi na baiskeli pia, na wewe wa miguu unaruhusiwa kote kuwili. Njia ya umma ikikatiza shamba la ngano, wewe pita kwenye mstari wake, ni haki yako. Pita tu, usitawanyike.

Mimi mara moja niliufuata mkono wangu badala ya mshale, nikatokea nyuma ya banda la mtu. Mwenye shamba alinipigia kelele hadi mbwa wake akaona haya. Nikaomba radhi, nikarudi nilikotoka. Jueni tu kwamba kuingia ardhi ya mtu kwa miguu, huku mara nyingi ni kesi ya madai na si jinai, hata kama kibao kinatishia kukushtaki. Lakini ukiambiwa toka, toka.

Hatua ya 3: Siku, usafiri na viatu

Nusu ya pili ya Aprili hadi mwanzo wa Mei ndiyo yenyewe. Miti mikubwa bado haijafunga majani, jua linafika chini, na maua yanaharakisha kumaliza shughuli zake kabla ya kivuli. Treni kutoka London inakufikisha Bury St Edmunds kwa kubadilisha njiani, halafu teksi. Panga ya kurudi kabla hujaachana na dereva, maana vijijini Jumapili basi ni habari ya kusikia.

Viatu: gambuti. Sisemi zaidi. Udongo wa pale ni mfinyanzi, unashika mguu kama mkopo wa mtaani. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, koti la mvua hata kama kumekucha jua linawaka, na chai kwenye chupa.

Kukiwa na upepo mkali, ahirisha. Tangu 2012 ulipothibitishwa huku ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya ash, misitu mingi ina matawi makavu yanayosubiri sababu tu ya kuanguka.

Hatua ya 4: Ukishaingia, punguza mwendo na uiname

Hapa ndipo penye somo, mengine yote yalikuwa nauli.

Kwanza tazama mpaka. Misitu mingi ya kale imezungukwa na tuta la udongo lenye mfereji upande wa nje. Wanakijiji wa zamani walilichimba ili mifugo isiingie kula machipukizi. Leo limelainika, limeota majani, unalivuka bila kujua kama hujaambiwa.

Pili, tafuta ua dogo jeupe lenye petali sita au saba, linaloitwa wood anemone. Linajitandaza polepole mno, chini ya mita mbili kwa miaka mia. Ukiona limetandika zulia la hatua ishirini, piga hesabu mwenyewe, kisha usilikanyage. Vivyo hivyo yale ya buluu, bluebell, ambayo karibu nusu ya yote yaliyopo duniani yako Uingereza. Ukiyakanyaga majani yake, mche unakosa chakula cha mwaka unaofuata na huchukua miaka kurudi. Picha ya katikati ya maua haina thamani hiyo, piga ukiwa njiani.

Tatu, visiki. Pale Bradfield kuna kumbukumbu za ukataji wa mzunguko tangu 1252, zama za watawa wa Bury St Edmunds. Hazeli, mti mdogo wa huku, hukatwa usawa wa ardhi wakati wa baridi, kisha huachwa. Masika yakija kisiki kinatoa fimbo nyingi zilizonyooka, na baada ya miaka saba hadi kumi zimefikia unene wa kifundo cha mkono: fito za maharage, za uzio, za kushikia nyasi za paa. Wanakata kipande kimoja mwaka huu, mwakani cha pili, wakimaliza mzunguko kile cha kwanza kimeshaiva tena. Mtu wa Dodoma anacheka hapo, maana sisi hii tunaijua: ni kisiki hai, ule utaratibu wa kukiacha kisiki kichipue mti upya.

Piga magoti kwenye kisiki kikubwa cha ash. Utakuta si kisiki kimoja, ni duara. Mti umekatwa na kuchipua kwa mamia ya miaka, kila mara ukisogea nje kidogo, na katikati pameoza. Nilisimama ndani ya duara la namna hiyo, mashina yakiwa yamenizunguka kama fito za nyumba isiyokandikwa, kuvumwani kijani hadi magotini, harufu ya udongo uliolala na mvua. Mti ule ni mmoja. Usingekatwa, ungekuwa umezeeka na kufa zamani. Panga ndilo lililouweka ujanani.

Halafu geuka utazame kipande kilichokatwa miaka miwili iliyopita. Mwanga umeingia, maua yamejaa hapo kuliko kwingine kote. Sasa uzio ule mrefu unaouona usikukere. Unazuia paa na kulungu, maana wakiingia wanamaliza machipukizi yote kwa wiki chache. Miaka ya 1960 sehemu kubwa ya miti ya eneo hili iling'olewa ili palimwe. Kilichobaki kilipona kwa sababu watu wa pale walipiga kelele.

Hatua ya 5: Kabla ya kuondoka

Jikague kupe: nyuma ya magoti, kiunoni, kwenye nywele za watoto. Akishika, mtoe kwa kibano chenye ncha nyembamba, ukimkamata karibu na ngozi na kuvuta taratibu bila kuzungusha. Usimchome, usimpake mafuta. Ukiona wekundu unaotanuka siku au wiki zinazofuata, nenda kwa daktari na umtajie kupe, kuna ugonjwa wa Lyme. Osha tope la viatu, magonjwa ya miti husafiri humo.

MASWALI YA WANACHAMA

Binti Mtwapa: Asante kwa somo kaka. Nyoka je? Mimi nikisikia majani yanachakacha nimeshafika barabarani.

*Jibu:* Dada, mwenye sumu ni mmoja tu, anaitwa adder, ana mstari wa pembepembe mgongoni na hukimbia kabla hujamwona. Akikuuma nenda hospitali moja kwa moja, ila vifo ni nadra sana. Kinachochakacha huwa ni ndege anapekua majani. Adui yako halisi ni nettle, jani linalowasha kama upupu. Usishike usichokijua.

Mama Neema: Tunaruhusiwa kuchuma uyoga na maua? Na kigari cha mtoto kinapita?

*Jibu:* Kigari acha, mbebe mgongoni kwa kanga kama nyumbani. Kung'oa mmea wa porini na mzizi wake bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa tangu sheria ya 1981. Uyoga na matunda ya kula mwenyewe sheria haiyahesabu kuwa wizi, lakini kwenye hifadhi kama Bradfield usichume kitu. Na uyoga, mama, kama hukufundishwa na mtu aliye hai mpaka leo, uache.

Abu Salma: Assalaam alaykum. Adhuhuri ikinikuta humo? Na hawa mbwa wao wanaotukimbilia?

*Jibu:* Waalaykum salaam sheikh. Mimi ni Mkristo, lakini rafiki yangu hubeba mkeka wa plastiki chini ya msala kwa ajili ya unyevu, na kibla kutoka huku ni upande wa kusini-mashariki. Husogea pembeni ya njia, na sijaona mtu akimsumbua. Mbwa: simama wima, kunja mikono, usikimbie, mwambie mwenyewe amwite. Watakwambia hana shida. Rudia ombi lako.

Mtoto wa Goma: Kaka, mimi ni mwanaume mweusi, natembea peke yangu. Watu wa vijijini hawanikodolei macho?

*Jibu:* Wengine watakukodolea, sikufichi. Mimi huwahi kusalimia, na wengi huamka hapohapo na kuanza hadithi za hali ya hewa. Asiyejibu, mwache na siku yake. Mwachie mtu ratiba yako nyumbani, na dharura ni 999. Halafu mwisho wa Aprili tega sikio, kuna ndege anaitwa kekeo, kwa Kiingereza cuckoo, analia jina lake hilo la Kiingereza. Wamefungwa vifaa vya kuwafuatilia kwa setilaiti, na ikaonekana wale wa Uingereza wengi hukaa miezi yetu ya baridi kwenye misitu ya Kongo. Huyo ametoka kwenu juzi tu, na hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Mzee wa Chamwino: Kijana, umeandika vizuri ila hapo kwenye kisiki hai umechanganya. Sisi hatukati mti mzima. Tunachagua machipukizi machache yenye nguvu kwenye kisiki, mengine tunapogoa, tunatia alama, tunalinda na mbuzi. Hao wako wanaacha yote yapande.

*Jibu:* Shikamoo mzee. Umenipata. Wao wanataka fimbo nyingi nyembamba, sisi tunataka mti urudi. Narekebisha pale juu nikipata nafasi.

Mzee wa Chamwino: Marahaba. Na mbuzi wao ni huyo kulungu.