Kuunga HRV kwenye mabomba ya fanesi: somo kwa walioko kwenye baridi

Januari ikifika hapa Minnesota simu hazikatiki: "Fundi, madirisha yanatoka jasho, kabatini kumeota ukungu." Nyumba za huku zimezibwa barabara ili joto lisitoke, kwa hiyo mvuke wa ugali, wa bafuni na wa pumzi za watu sita unabaki humo humo. Dawa yake ni HRV (heat recovery ventilator, mashine ya kubadilisha hewa ya nyumba): sanduku lenye feni mbili na kiini cha kubadilishana joto. Hewa chafu inayotoka inaiachia joto lake hewa safi inayoingia, na hazichanganyiki. Somo hili ni la anayetumia mabomba yaliyopo ya fanesi (mashine inayopasha nyumba joto kwa kusukuma hewa ya moto kwenye mabomba) badala ya kutandaza mapya.

Kwanza chukua kibali cha mji, soma kitabu cha mashine, kisha zima umeme wa fanesi.

1. Itundike. Iwe besimenti (chumba cha chini ya nyumba), karibu na ukuta wa nje na mahali pa kumwaga maji. Tumia minyororo au mikanda yake yenye mpira, la sivyo mtetemo utawafuata hadi vyumbani.

2. Matundu ya nje. La kuvuta na la kutoa yaachane angalau mita 1.8. La kuvuta liwe sentimita 45 au zaidi juu ya ardhi, na theluji ikijaa sana kwenu, panda zaidi. Usiliweke karibu na bomba la moshi wa gesi, tundu la mashine ya kukaushia nguo, wala pale unapowasha gari. Mabomba mawili yanayounga matundu haya na mashine yawe yale yenye sufi ya kuzuia baridi, na ngozi yake ya plastiki izibwe pande zote mbili. Ikichanika kidogo tu, sufi inalowa na maji yanadondoka sakafuni.

3. Bomba la kurudishia. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Hewa ya vyumbani inateremka kwenye bomba la kurudishia kwenda kwenye fanesi, kama mto. Tundu la kuchukua hewa chafu litangulie juu ya mkondo. La kuingiza hewa safi lifuate chini yake, yaachane si chini ya mita moja. Vitabu vingi vinataka pia hewa safi iingie mita 3 kabla ya fanesi, ili ipate kuchanganyika na hewa ya vuguvugu kabla ya kugusa chuma cha moto.

Kazi yangu ya kwanza niliyapindua. Baada ya wiki mbili mama mwenye nyumba akapiga: madirisha bado yanalia. Nilipolishika bomba la hewa chafu lilikuwa limepoa mkononi, wakati lilipaswa kuwa na joto la sebuleni. Mashine ilikuwa inavuta hewa safi ile ile iliyotoka kuiingiza na kuitupa nje. Nilirudia bure, na ilikuwa haki.

Maungio yazibwe kwa utepe wa alumini. Ule wa kitambaa unabanduka.

4. Waya. HRV ikiwaka, feni ya fanesi nayo iwake, la sivyo hewa safi itakata njia na kurudi kwenye tundu la hewa chafu. Ni waya mbili za umeme mdogo, kutoka HRV hadi vituo vya waya vyenye herufi R na G kwenye ubao wa umeme wa fanesi. Kama fanesi ina kiyoyozi, kitabu kina mchoro wake tofauti; fuata huo.

5. Maji. Mpira wa kumwaga maji yanayojikusanya ndani ya mashine uwe na kitanzi kilichojazwa maji, ili hewa isipite humo.

6. Kusawazisha. Funga milango na madirisha, washa feni ya fanesi, pima hewa inayoingia na inayotoka, kisha rekebisha vali hadi zilingane. Ikitoka nyingi kuliko inayoingia, nyumba inaweza kuvuta moshi wa hita ya maji ya gesi urudi ndani. Kama huna kipimo, mlipe mwenye nacho. King'ora cha kaboni monoksidi kiwepo kwa vyovyote.

Maswali ya wanachama

*Fundi, naweza kuunga na feni ya jikoni humo humo?*
Hapana, ndugu yangu. Mafuta yataganda kwenye kiini, na moto ukitokea una njia tayari. Mashine ya kukaushia nguo pia hapana.

*Niko Winnipeg, ndani kukavu mpaka midomo inapasuka. HRV si itazidisha?*
Itazidisha, dada. Tafuta ERV, ambayo inarudisha na sehemu ya unyevu. Kuunga ni vile vile, na nyingi hazihitaji mpira wa maji.

*Feni ya fanesi ikizunguka kutwa, bili je?*
Si lazima kutwa. Weka dakika 20 kila saa, uongeze wageni wakijaa. Kama feni ni ya zamani utaiona kwenye bili. Mota za ECM (za kisasa, zinazoongozwa kielektroniki) zinakula kidogo.

*Yangu ilikuwa nzuri, sasa haivuti.*
Chungulia tundu la nje kwanza, kaka. Wavu hujaa manyoya na barafu. Kisha vichujio: visafishwe kila miezi 3.