Kumvua besi Ziwa Naivasha kwa mnyoo wa plastiki

Shemeji yangu alishuka Naivasha mwezi uliopita na kisanduku cha chambo bandia kizito kuliko begi lake la nguo. Vijiko, vyura wa mpira, visamaki vyenye ndoana tatu tatu, kila rangi unayoijua. Kufikia saa tano asubuhi vinne vilikuwa vimebaki kwenye magugu na hakuna samaki aliyemgusa. "Shemeji, hawa samaki si mmewamaliza nyinyi?" akaniuliza. Kesho yake nikakifungia kisanduku ndani ya gari, nikampa mnyoo mmoja mweusi, tukaanza upya. Nimeandika hapa nilivyomwelekeza, kwa sababu ameshawaambia wenzake wawili na sina nguvu ya kurudia kila kitu kwa simu.

Nitaandika besi, yule samaki anayeitwa bass kwa Kiingereza. Nikiandika basi, utadhani nazungumzia usafiri.

Hatua ya 1: Hakikisha samaki yumo ziwani

Usicheke. Kuna mtu alinipigia simu akiwa Elementaita, fimbo mkononi, akiuliza aanzie upande gani. Elementaita na Nakuru ni maziwa ya magadi, besi hamo. Baringo maji yake hayana chumvi, lakini huko utakutana na tilapia, kambare na kamongo. Ziwa Victoria lina mbuta, ambaye ndugu zetu Watanzania humwita sangara. Naye ni mwindaji wa kinywa kipana, ila ni samaki mwingine kabisa na vifaa vyake ni vizito zaidi. Oloiden, pale kusini magharibi mwa Naivasha, huungana na ziwa kubwa maji yakijaa na kutengana yakipungua, na likitengana maji yake huwa ya chumvi chumvi. Mimi huko siendi. Yapo pia mabwawa ya mashamba ya watu nyanda za juu yaliyopandikizwa besi. Anayejua kama wamo ni mwenye shamba, na ruhusa pia ni yake.

Kwa hiyo Naivasha. Besi wa mdomo mkubwa aliletwa hapa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, ambao asili yao ni Marekani vilevile, besi akajikuta analetewa chakula cha kwao. Ukimpasua besi wa hapa mara nyingi utakuta tumboni vipande vya magamba mekundu. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 akaonekana karpu, na huyo ndiye aliyebadilisha uvuvi wetu. Karpu hula kwa kufukua tope, na tope likifukuliwa maji yanachafuka. Besi anawinda kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji. Macho yakizidiwa na tope, hutegemea mtikisiko na kivuli. Ndiyo maana nakwambia mnyoo uwe mweusi, au mweusi wenye chembe za buluu. Rangi zile za kung'aa zinapendeza dukani, lakini kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kitu cheusi ndicho kinachoacha kivuli.

Hatua ya 2: Fimbo, rili na uzi

Fimbo moja, futi sita na nusu hadi saba, iliyoandikwa MH karibu na mshikio, yaani ngumu kiasi. Ikiwa laini kuliko hapo utahisi samaki lakini hutamchoma.

Rili iwe ile inayoning'inia chini ya fimbo, ukubwa wa 3000 hivi. Ile ya mviringo inayokaa juu ya fimbo, ambayo mabingwa wa Marekani wanaitumia kwenye video, iache. Najua itaonekana ya kitaalamu. Ukiitupa kabla kidole gumba hakijazoea, uzi utajifumua ndani na kuwa kiota cha ndege, na asubuhi yako itaishia hapo.

Uzi wa kusuka, ratili 30. Hauvutiki, kwa hiyo ukivuta nguvu yote inafika kwenye ndoana, na unakata majani. Watu wa nailoni watakwambia samaki atauona. Kwenye maji haya? Ila usiufunge uzi wa kusuka moja kwa moja kwenye rili tupu, maana unateleza na kuzunguka wote kwa pamoja. Zungusha kwanza nailoni mara kumi na tano hivi, unganisha, ndipo ujaze.

Hatua ya 3: Leseni na boti

Leseni ya uvuvi wa burudani ulizia ofisi ya uvuvi kabla ya siku yenyewe, na uulize hapo hapo kama kuna kipindi ziwa limefungwa. Boti kodi kwenye fukwe za Kamere au Karagita, pamoja na nahodha wa pale pale. Jaketi okozi vaa, usilikalie. Usivue ukiwa umesimama ukingoni kwenye majani: viboko wa Naivasha wanaua watu, na njia zao za kutokea majini ni hizo hizo unazoona ni nafasi nzuri ya kusimama. Nahodha akisema hapa tusikae, msikae.

Hatua ya 4: Funga ndoana

Chubwi kwanza kwenye uzi, yaani kile kizito cha kuzamisha chambo, ile yenye umbo la risasi, gramu 7, ncha ikitazama fimbo. Kisha ndoana: kunja uzi uwe mara mbili, pitisha tunduni, funga fundo moja la kawaida bila kukaza, pitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, lowesha kwa mate, kaza.

Hatua ya 5: Kuvalisha mnyoo

Hapa ndipo nilipopoteza Jumapili tatu, kwa hiyo vumilia maneno mengi.

Unahitaji mnyoo wa plastiki wa inchi saba na ndoana pana ya nambari 3/0, ile yenye kona mbili shingoni. Lengo ni ncha ya ndoana ijifiche ndani ya mnyoo ili ipite kwenye magugu bila kushika kitu, kisha itokeze samaki anapouma. Wamarekani huita mtindo wa Texas. Kwa maneno ni rahisi.

Ingiza ncha katikati kabisa ya kichwa cha mnyoo. Si pembeni kidogo, katikati. Ishushe urefu wa ukucha wako, kisha itokeze ubavuni. Angalia mnyoo vizuri: una mstari mwembamba uliobaki pale kalibu mbili zilipokutana kiwandani. Tokezea kwenye mstari huo. Vuta mnyoo uupandishe shingo ya ndoana mpaka kichwa kifunike tundu na ile kona. Zungusha ndoana nusu mzunguko ili ncha iutazame mwili wa mnyoo. Izungushe mara moja tu. Ukiizungusha huku na huku, tundu la kichwani linapanuka na mnyoo utateleza kila unapoutupa.

Sasa acha kila kitu kining'inie. Usiushike mnyoo, usiuvute, acha tu. Tazama sehemu ya chini ya mviringo wa ndoana inafika wapi kwenye mwili, weka alama kwa ukucha. Hapo ndipo ncha itaingilia. Watu wengi, mimi nikiwa wa kwanza, huupima mnyoo huku wameushika na kuunyoosha. Ukiuachia unarudi kwenye urefu wake, na sehemu iliyo kati ya kichwa na ndoana inabaki fupi na imevutika. Ukipima juu sana mnyoo unavutika, ukipima chini sana unafanya kibiongo.

Chomeka ncha kwenye alama, moja kwa moja, itokee upande wa pili, tena kwenye mstari ule wa kalibu. Kisha sukuma mnyoo mbele kidogo uifiche ncha chini ya ngozi tu, kama pini chini ya kitambaa. Ukipitisha kidole unapaswa kuhisi ipo bila kukuchoma.

Tatizo la mnyoo uliopinda halionekani ukiwa mkononi. Unauona umepinda kidogo tu, unasema si neno, samaki hana rula. Lakini majini mnyoo uliopinda unazunguka kama pangaboi kila unapokunja uzi, na unausokota uzi mzima pamoja nao. Uzi uliosokoteka hautoki vizuri ukiutupa tena. Unajipiga vitanzi kwenye fimbo, unafunga mafundo ya ajabu, na hapo utaanza kulaumu rili. Mimi nililaumu rili wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikanunua uzi mpya. Wiki ya tatu nikanunua uzi mwingine wa bei kubwa zaidi, nao ukafanya yale yale. Nahodha mmoja mzee, ambaye alikuwa amenitazama muda wote bila kusema neno, mwishowe akaniuliza, "Kijana, huo mnyoo wako mbona unacheza dansi?" Nikauvuta karibu na boti nikautazama. Ulikuwa unazunguka tiki-tiki-tiki. Jumapili tatu, na nyuzi mbili.

Basi kila ukivalisha mnyoo mpya, au ukiurekebisha, uchovye kando ya boti na uvute nusu mita. Upite kama nyoka anayevuka barabara. Ukizunguka hata kidogo, toa ndoana uanze tena. Dakika moja hiyo usiionee uchungu.

Na kama uzi umeshasokoteka, usiutupe kama nilivyofanya. Kata kila kitu kilicho mwishoni, ndoana na chubwi, mwambie nahodha aende polepole mahali pasipo na magugu, achia uzi mtupu mita hamsini nyuma ya boti kwa dakika chache. Utajifumua wenyewe. Ukunje ukiwa umeubana kati ya vidole viwili.

Mambo mawili madogo. Kichwa cha mnyoo kikishachanika, kata sentimita moja uanze upya. Mnyoo mmoja unaweza kukatwa mara tatu. Mimi hukata kwa meno, usiniige. Na unapovua ndani ya magugu mazito, chomeka ncha ya kijiti cha meno kwenye tundu la chubwi uivunjie humo, ili chubwi ibane uzi na isitangulie ikauacha mnyoo umening'inia juu ya majani. Kwenye maji wazi acha chubwi iteleze. Samaki akiuchukua mnyoo hatahisi uzito.

Hatua ya 6: Wapi pa kutupa

Toka saa kumi na mbili asubuhi, na saa sita uwe unarudi. Jina Naivasha linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na aliyelitoa alikuwa amekaa hapa mchana. Upepo wa alasiri ukianza, boti ndogo si mahali pa kujifunzia.

Besi hapendi maji matupu. Anajibanza kwenye kivuli na kuvizia. Maji yalipopanda, hasa mwaka 2020, yaliimeza migunga mingi ya ukingoni. Imekufa ikiwa imesimama ndani ya maji, mnandi wamejipanga kwenye matawi, na furukombe mmoja juu kabisa. Hiyo ndiyo nyumba ya besi. Tupa mnyoo upite shina kidogo, uache uzame mpaka uzi ulegee, kisha inua ncha ya fimbo polepole, ishushe, kunja uzi uliolegea, rudia. Polepole. Shemeji alikuwa anakunja kama anayevuta ndoo kisimani.

Baada ya mashina jaribu ukingo wa mafunjo, na visiwa vya magugu maji vinavyoelea: tupa ukingoni, si juu yake. Upande wa Crescent Island, palipo kasoko ya zamani, ndipo kina kikubwa kuliko kwingine, na jua likishakuwa kali hapo si pabaya. Lakini kwa anayeanza, mashina ya migunga yanatosha asubuhi nzima. Ukitupa mara tano kwenye shina moja bila jibu, nenda la pili.

Hatua ya 7: Akiuma

Utahisi tok-tok, kama mtu anagonga mlango kwa ukucha. Au hutahisi kitu, ila utaona uzi unatembea kando wenyewe. Shusha fimbo imwelekee, kunja mpaka uzi ukaze, kisha inua kwa nguvu, kwa mkono wote na si kwa kiganja. Kumbuka ncha imefichwa, lazima itoboe plastiki kwanza. Akiruka juu ya maji akitikisa kichwa, shusha ncha ya fimbo.

Hatua ya 8: Kumtoa

Mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba, hana meno ya kukata. Aliye mzito mshikilie na tumbo pia. Kama unamla, mle. Kama unamrudisha, mrudishe hapo hapo. Usimbebe hai kwenye ndoo kumpeleka bwawa la mjomba wako. Atamaliza samaki wote wadogo waliomo.

Ukifika nyumbani, minyoo irudishe kwenye mfuko wake. Ukiichanganya na vile visamaki vya plastiki ngumu kisandukuni, itayeyuka na kuvibandua rangi, na utakuta uji wa rangi tatu. Shemeji alinitumia picha Jumanne.